Karatasi ya maabara inaposema mtoto ana damu ndogo

Mama wa namna hii tunampokea mara kwa mara kliniki hapa Tanga. Katoka Makorora au Pongwe, mtoto wa wiki tisa kamfunga kwenye khanga, mkononi ana karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Alikuja kwa mafua tu, mtoto akapimwa damu, na sasa mbele ya herufi HGB, yaani himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, pana 10.1 na alama ya L, yaani iko chini. Dirishani kaambiwa "damu ndogo". Usiku hakulala, na nyumbani bibi wa mtoto keshachemsha rozela.

Mimi huanza na mtoto, karatasi baadaye. Ananyonya vizuri? Analia kwa nguvu? Viganja na ulimi vina wekundu? Uzito kwenye kadi unapanda? Ikiwa yote ni ndiyo, mara nyingi mashine imemlinganisha mtoto na mtu mzima, kwa sababu isipopangwa kwa umri huchapa viwango vya watu wazima.

Tumboni oksijeni ni haba, hivyo mtoto hujitengenezea chembe nyekundu nyingi. Anazaliwa na himoglobini ya gramu 14 hadi 20 kwa desilita. Akishavuta pumzi mwenyewe oksijeni inatosha, na uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unapunguza kazi. Chembe zake za zamani nazo hazidumu: siku 60 hadi 90, wakati zetu hufika 120. Juu ya hayo, mwili unakua haraka. Ndiyo maana kati ya wiki ya 8 na ya 12 kipimo hushuka hadi kama 11, pengine 9.5, kisha hupanda chenyewe. Njiti hushuka zaidi na mapema zaidi. Huyo afuatiliwe na daktari wake, kwa kuwa akiba yake ya madini ya chuma ni ndogo.

Rozela ile anywe mama. Mtoto wa umri huo ni maziwa ya mama tu. Na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa wakati wa ujauzito, viweke mbali kabisa na watoto, maana madini ya chuma yakizidi yanaua.

Kuna alama nyingine zinazotisha bure. Limfosaiti kuwa nyingi kuliko neutrofili, zote mbili chembe nyeupe za damu, ni kawaida ya watoto wachanga. Potasiamu ikiwa juu kwa damu iliyokamuliwa kisiginoni, huenda chembe zimepasuka wakati wa kukamua na kuimwaga potasiamu iliyomo ndani yake. Tukiomba kumchoma tena, usidhani tunaficha jambo.

Lakini kuna mtoto asiyesubiri kipimo cha pili: anayekataa ziwa, anayehema haraka, aliyepauka viganja, mwenye homa au mwili wa baridi, au aliyegeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza. Huyo aletwe hata usiku wa manane.

Majibu yanayovunja nyumba zaidi ni ya selimundu, ambayo wengi wanaiita sikoseli. Kwanza, kipimo cha haraka cha zamani, kisichotenganisha aina za himoglobini, hakiaminiki kabla ya miezi sita, kwa kuwa mtoto bado amejaa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Kikisema hana, usitulie. Ulizia kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Pili, AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ni mbebaji, si mgonjwa. SS ndiyo ugonjwa wenyewe, na mtoto huyo amerithi kwa baba na kwa mama, kila mmoja nusu yake. Nimeshuhudia wakwe wakibishana kwenye benchi huu ni ugonjwa wa ukoo gani, na jibu langu huwaudhi wote: ni wa pande zote mbili.

Mtoto wa SS anaweza kuonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo. Muda huo ndio wa kumwanzishia penisilini ya kila siku na kumwandikisha kliniki, kabla maumivu na maambukizi hayajaanza. Siku ya majibu hayo mje wawili, baba na mama, na kadi ya kliniki msiisahau.