Uwanja wa kijiji hauanzi na tofali

"Sisi ni wachache na ardhi ipo tele. Mambo ya bustani na ukumbi tutayaona huko mbele." Katika dhana zote potofu kuhusu kupanga maeneo ya jamii, hii ndiyo inayoviumiza vijiji zaidi, na nitaikalia kidogo kwa sababu makosa mengine mengi huzaliwa humo.

Ardhi tele si lazima iwe ardhi inayofaa. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unameza mita za mraba 7,140, karibu robo tatu ya hekta, na hapo bado hujaweka pa kukaa watazamaji wala nafasi ya mpira kutoka nje bila kuvunja dirisha la mtu. Tena pawe tambarare, pasituame maji, na pawe karibu kiasi cha mtoto kwenda kwa miguu. Vipande vya namna hiyo vinahesabika, na ndivyo hivyo hivyo ambavyo kila anayetaka kujenga nyumba anavimezea mate. Vikishagawanywa, jamii inabakiwa na bonde linalojaa maji au mteremko wa mawe, kisha watu wanashangaa kwa nini vijana hawaendi kucheza huko.

Hata umbo la kipande lina maneno yake. Uwanja unatakiwa ulale kaskazini kwa kusini. Ukilazwa mashariki kwa magharibi, kwenye mechi ya jioni kipa mmoja anasimama akilitazama jua linalozama, kiganja juu ya macho, na mpira wa juu anauona ukiwa umeshamfikia. Anayechagua ardhi mapema anaulaza uwanja atakavyo. Anayepewa mabaki anaulaza unavyoenea.

Na kutenga si kujenga. Kunahitaji mstari kwenye ramani, alama za mipaka zinazoonekana pale chini, na maandishi yanayosema eneo ni la nani. Ardhi ambayo ni "ya wote" kwa mdomo tu humegwa hatua moja moja, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayekumbuka ilianza lini kupungua.

"Bila eneo kubwa hakuna bustani." Paley Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina takriban mita za mraba 390 tu: miti, viti vya kusogeza, maji yanayoporomoka ukutani. William Whyte, aliyewapiga picha za filamu watu wa jiji hilo kwenye maeneo ya wazi, alifikia jibu linalokaribia kuchekesha kwa urahisi wake: watu hukaa palipo na pa kukaa. Huko Amsterdam, kuanzia 1947, msanifu majengo Aldo van Eyck alibuni viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi kwenye vipembe vilivyokuwa vimeachwa tu, kwa shimo la mchanga, vyuma vya kuning'inia na vijiwe vya kurukia. Utasema hayo ni majiji. Sawa, lakini kipembe ni kipembe.

Bembea za rangi nazo zinatudanganya. Tunatazama juu, ilhali mtoto anaumia chini. Udongo uliokanyagwa hadi ukawa mgumu kama saruji haumpokei anayeanguka. Panahitaji mchanga au vipande laini vya mbao, kina cha sentimita 30 hivi. Na miguu ya watoto huufukua mchanga palepale chini ya bembea, kwa hiyo lazima awepo wa kuurudisha kwa reki.

Hapo ndipo inapoanguka dhana ya kwamba ujenzi ukiisha, kazi imeisha. Jengo linaanza kudai siku linapofunguliwa: koki inavuja, bati linalegea, choo kinafungwa na ufunguo haijulikani yuko nao nani. Kabla ya mchoro, ningeuliza: nani atasafisha, analipwa kutoka mfuko gani? Pasipo jibu, afadhali ukumbi mmoja unaotumika kwa mikutano, masomo na sherehe, wenye mtu wa kuushika, kuliko majengo matatu yenye kufuli.

"Mkutano ulifanyika, watu wameshirikishwa." Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani, alieleza ushirikishwaji kama ngazi yenye vipandio 8, na kupewa taarifa au kuulizwa maoni vilikaa katikati tu, chini ya pale wananchi wanapokuwa na kauli katika uamuzi. Mkutano wa saa za kazi huwasikia wasio kazini, na wenye sauti kubwa kati yao. Mtoto, mzee asiyeweza kutembea mbali na mama mwenye mtoto mchanga mgongoni hawamo, nao ndio watakaokuwa bustanini siku nyingi zaidi. Zunguka eneo nao asubuhi, mchana na jioni. Tazama vijia ambavyo miguu imeshavichora kwenye nyasi. Njia ya saruji itakayovipuuza itapitwa pembeni.

"Miti tutaipanda mwishoni, kama urembo." Kinyume chake, mti ndio unaochukua miaka mingi kuliko chochote kitakachojengwa hapo, basi upandwe mwaka uleule ardhi inapotengwa, hata kama ukumbi utangoja miaka 10. Uzungushiwe uzio dhidi ya mifugo, na usiwekwe upande litakapopita bomba au mtaro, maana mafundi wakija watakata mizizi.