Rimasta na rimeki: mchezo wa zamani unapojengwa upya

Rimasta ni mchezo wa kompyuta uleule uliosafishwa: picha zinang'arishwa, sauti zinatengenezwa, makosa madogo yanaondolewa, lakini utaratibu wa ndani unabaki. Rimeki ni mchezo uliojengwa tena kuanzia msingi, kwa kufuata hadithi na ramani ya ule wa kwanza. Sisi wa Goma tofauti hiyo tunaijua kwa nyumba zetu. Lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji Januari 2002, kuna nyumba zilizofagiliwa majivu zikapigwa rangi, na kuna zilizofunikwa kabisa, wenyewe wakaja kujenga juu ya mawe yaliyopoa. Nyumba hizi za pili ziko palepale, jirani ni walewale, ila hakuna hata ukuta mmoja wa zamani.

Kazi ya kuujenga mchezo upya ni ngumu zaidi kwa michezo ya fantasia yenye ulimwengu wazi, ile ambayo unaunda mhusika wako, unaachiwa nchi nzima, na unaamua mwenyewe uelekee wapi. Chukua Morrowind ya kampuni ya Bethesda, iliyotoka mwaka huohuo wa 2002. Inachezwa kwenye kisiwa chenye mlima wa moto katikati, na dhoruba ya majivu ikivuma msafiri anainua mkono kujikinga uso. Mara ya kwanza nilipoona mkono ule ukiinuka, nilisimamisha mchezo nikautazama kwa muda.

Morrowind haina mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Unapewa maelezo kwa maandishi: toka mjini, fuata barabara, vuka daraja, kisha tafuta kilima fulani. Ndivyo tunavyoelekezana hapa: teremka mpaka sanamu ya Chukudu, mbele utaona mama anayeuza makala ya kupikia, kata kushoto, halafu uulize. Ukikosea unapotea kweli, na katika kupotea unakuta pango ambalo hakuna aliyekutajia. Oblivion, iliyofuata mwaka 2006, ilileta dira yenye alama, na mtu aliweza kufika bila kusoma neno. Basi anayeitengeneza Morrowind upya akiweka mshale, atakuwa amehifadhi kila jiwe la kisiwa na kuitupa safari yenyewe.

Ukungu nao una kazi. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora mbali, kwa hiyo ukungu ulificha upeo. Uondoe, nawe utagundua kwamba mji uliotembea muda mrefu kuufikia uko nyuma ya kilima tu. Kisiwa kinakuwa kidogo ghafla.

Sisemi kila kitu kiachwe. Katika Morrowind unaweza kumpiga panya kwa upanga, ukaona kabisa chuma kikipita mwilini mwake, na mchezo ukahesabu kwamba umekosa, kwa sababu ustadi wako ni mdogo. Hesabu hiyo naipenda: mhusika anayeanza lazima awe dhaifu. Kinachoudhi ni jicho kuona jambo moja na mchezo kusema lingine. Panya aonyeshwe akiruka pembeni, inatosha.

Rimasta ya Oblivion iliyotoka Aprili 2025 ilichukua njia ya katikati. Picha zinachorwa na Unreal Engine 5, huku injini ya zamani, yaani programu inayoendesha mchezo, ikiendelea kuendesha mambo chini yake. Namna mhusika anavyopanda ngazi za ustadi ilirekebishwa, kwa kuwa ile ya mwanzo iliweza kumwadhibu mtu aliyecheza bila kupiga mahesabu. Nadhani walichagua vizuri. Lakini mchezo wenyewe unazidi gigabaiti 100, na kwa anayenunua intaneti kidogokidogo, kisha anasubiri umeme urudi, hiyo ni mali ya watu wengine.

Kwa hiyo naithamini sana OpenMW, kazi ya watu wa kujitolea. Wameiandika upya injini ya Morrowind tu, na programu yao ni ya bure. Unaweka mafaili ya mchezo halisi uliyonunua, nayo inayaendesha kwenye kompyuta za leo. Ukungu unaweza kuuacha. Mshale haujaongezwa, na panya bado unamkosa.