Hiyo si epilogi, dada, ni kitabu cha pili

Dada mmoja aliniletea mswada wake Moshi, tukakaa kwenye mgahawa karibu na stendi, yeye na chai yake, mimi na bakuli la mtori. Nahariri riwaya, na hii ilinishika tangu mwanzo: kaka na dada wanagombea kihamba, yaani shamba la migomba la familia, cha marehemu baba yao huko Marangu. Usiku mmoja kaka anang'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, na kuyapanda upya hatua nne ndani ya migomba ya dada yake. Wanafikishana mahakamani, dada anashinda. Halafu ukurasa mpya: "Miaka Kumi Baadaye".

Zikafuata kurasa kumi na mbili alizoziita epilogi. Humo anatokea kijana kutoka Tanga, ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la yule mzee.

"Anataka nini huyu?" nikamuuliza.

"Sehemu yake ya kihamba."

"Anaipata?"

Akacheka. "Hapo sasa!"

Epilogi (wengine husema hitimisho, lakini neno hilo hunirudisha kwenye insha za shule) hulipa deni la hadithi ileile. Mwendelezo hukopa upya. Kesi imekwisha, ila msomaji bado anadai kitu kimoja: hawa ndugu walikuja kusalimiana tena? Lijibu hilo, uondoke. Ukimleta mtu mwenye dai lake, umeanza hadithi nyingine, hata kama migomba ni ileile.

Wengi huponzwa na miaka, wakidhani ukishairuka tu umeandika epilogi. Tazama riwaya ya Dostoevsky ya 1866, ya mwanafunzi aliyemuua bibi mkopeshaji wa rehani. Sura ya mwisho anakiri kwa polisi. Epilogi inamkuta Siberia, kifungo miaka minane, Sonya, msichana anayempenda, amemfuata hukohuko. Hakuna kesi mpya. Kilichobaki ni kama moyo nao utakiri, maana mdomo ulishakiri. Muda umesogea, swali halijasogea.

Bongo muvi nazo zimetuvuruga. Zile diski za pati wani na pati tuu mara nyingi zilikuwa filamu moja iliyokatwa katikati ili ununue mara mbili. Ukiniuliza mimi, huo si mwendelezo, ni biashara. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ni jambo jingine tena: yumo katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), yumo katika Kisima cha Giningi (1968), lakini kila kitabu kina fumbo lake, na unaweza kuanza na chochote. Huo ni mfululizo.

Baada ya wiki mbili yule dada mwandishi akarudi na epilogi mpya ya ukurasa mmoja. Ni Desemba, watu wamerudi nyumbani kama kawaida ya Wachaga, magari yamejaa njia za migombani. Kaka amesimama mlangoni kwa dada yake, hasemi neno, mkononi ana jani la isale. Kwetu jani hilo ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Dada anafuta mikono kwenye kanga kwanza, ndipo anainyoosha.

Nimemwomba asiguse hata nukta. Yule kijana wa Tanga tumemfungulia faili lake.