Kabla hujaniambia nikupigie Windows 11

Wiki haipiti bila mtu kuweka laptopu juu ya meza yangu na kusema, "Fundi, nipigie Windows 11." Ameona tangazo kwenye kioo cha laptopu yake kwamba Windows 10 imefika mwisho, au jirani yake kapigiwa, basi naye anataka. Kabla sijaifungua namuuliza: mashine hii inakufanyia kazi gani? Wengine hushangaa, maana walitarajia niwatajie bei. Lakini laptopu ya mwanafunzi anayesoma PDF na laptopu inayotunza hesabu za duka haziwezi kupata jibu moja, hata zikiwa zimetoka kwenye boksi moja.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure vilivyokuwa vikija kila mwezi. Tangu hapo, tundu jipya likigunduliwa, wahalifu wanalijua na mashine yako inabaki nalo wazi. Nasisitiza hili kwa sababu Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fedha, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Kwa hiyo anayekwambia "tumia tu, haina shida" simuungi mkono. Anayekutisha kwamba laptopu yako imekufa, huyo naye simuungi mkono.

Shida ya laptopu zetu inaanzia kwenye masharti ya Windows 11. Inataka TPM 2.0, kijichipu cha kutunzia funguo za siri. Inataka Secure Boot, ukaguzi unaozuia programu isiyoaminika kuwaka kabla ya Windows. Inataka RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Hapo kwenye prosesa ndipo wengi wanapokwama. Laptopu za ThinkPad, EliteBook na Latitude za mtumba zinazojaa madukani Kariakoo zilishatumika maofisini huko Ulaya, Marekani na Dubai kabla ya kutufikia, na nyingi ninazozipokea ni za kizazi cha nne hadi cha saba.

Kujua ya kwako ni rahisi. Fungua Settings, nenda System, kisha About, usome jina la prosesa. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Ukikuta i5-8350U, ni cha nane, na hiyo inapanda kwenda Windows 11 bila vita. Kama bado hujanunua, usimwamini muuzaji kwa jina la modeli peke yake. EliteBook 840 G5 zipo zenye kizazi cha saba na zipo za cha nane, na kwa nje zinafanana kabisa. Mwambie aiwashe, usome mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Watu wengi wanaotaka Windows mpya hawana shida na Windows. Wana shida na uzito: mashine inachukua dakika kadhaa kuwaka, Word inafunguka huku chai inapoa. Ukiifungua chini unakuta bado ina diski ya zamani ya kuzunguka. Hapo hata ukipiga Windows ya aina gani, utarudi wiki ijayo na malalamiko yale yale, na Windows 11 juu ya diski hiyo inakuwa nzito zaidi. Weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256, ongeza RAM ifike GB 8 kama mashine inakubali, halafu tuzungumze. Nimeona mtu akiiangalia laptopu yake ya mwaka 2015 ikiwaka haraka baada ya kubadilishiwa diski tu, akaniuliza kama nimembadilishia mashine.

Kuna mafundi wanaolazimisha. Njia zipo, na mimi nazijua: unatengeneza flashi ya kusakinishia kwa programu iitwayo Rufus, unaondoa ukaguzi wa TPM na prosesa, Windows 11 inaingia kwenye kizazi cha sita na inafanya kazi. Microsoft wenyewe wamesema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na yale makubwa ya kila mwaka mara nyingi hayaji yenyewe. Inabidi mtu ayapige upya kwa mkono. Anayejua kazi hiyo, sawa, afanye kwenye mashine yake. Kwa mama mwenye steshenari, ambaye mashine ikilala siku moja hana mauzo, siifanyi. Kwa mashine za zamani kabisa za Core 2 Duo hata kulazimisha hakupo, kwani toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji amri za prosesa ambazo zenyewe hazinazo.

Njia ambayo wengi hawaijui ni viraka vya nyongeza vya Windows 10, vinavyoitwa ESU. Kwa mtumiaji wa kawaida vinafika hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au ukavipata bila kulipa kwa kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10. Fungua Windows Update utafute neno "Enroll". Ni muda wa kupumua, na kwa mtu anayejichanga kununua mashine nyingine, muda huo una thamani.

Kisha kuna Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Haina ada, haihitaji kukrakiwa, na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Kwa anayetumia kivinjari, barua pepe na LibreOffice (programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel), kizazi cha nne chenye SSD kinakimbia vizuri kabisa. Lakini sitakudanganya: kama hesabu zako ziko kwenye Tally, ile programu ya mahesabu ya biashara, baki Windows. Na printa yako ijaribu kwanza kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Printa nyingi za HP hukubali zenyewe, nyingine zinasumbua draiva mpaka unachoka.

Ukishaamua, usiguse kitu kabla ya kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilianza kupandisha laptopu ya mwanafunzi aliyekuwa anamalizia tasnifu. Betri yake ilikuwa imekufa, inategemea waya. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Mashine haikuwaka tena, na sura mbili hazikuwa na nakala popote. Tulizipata baadaye, baada ya siku tatu za kuihangaikia ile diski, na sijasahau uso wake kwa siku zile tatu. Tangu hapo laptopu yenye betri mbovu siipandishi bila kuiunganisha kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na nakala naifanya mbele ya mwenyewe.

Jambo jingine la kuangalia: ukisakinisha 24H2 upya kwa kutumia akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi diski inafungwa kwa usimbaji yenyewe, bila kukuuliza. Ufunguo wa kuifungulia unahifadhiwa ndani ya akaunti ile ile. Kama fundi alifungua akaunti kwa barua pepe yake, au wewe umesahau nywila, siku bodi ikiharibika mafaili hayatoki. Dai akaunti iwe ya jina lako na namba ya simu unayoitumia, na ufunguo huo uuandike kwenye daftari.

Jumatatu iliyopita mama mmoja wa steshenari aliniletea EliteBook yake ya kizazi cha sita, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Alitaka Windows 11. Tuliweka SSD, tukafikisha RAM GB 8, tukaiacha Windows 10 yake na kuiandikisha ESU, kwa sababu printa na mahesabu yake vyote viko humo. Fedha iliyobaki ameanza kuiweka kwa ajili ya mashine ya kizazi cha nane, na amenipigia jana kuniuliza namna ya kusoma ile namba.