Vyumba Vitupu Kwenye Turubai: Yanayosemwa Tanga na Ukweli Wake

Dhana: Chumba kitupu kikichorwa, basi ni ushahidi wa njaa ya mjini.
Si lazima. Mwaka 1796 Mfaransa Hubert Robert alichora ukumbi mkubwa wa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ukiwa gofu lililofumuka paa, na ukumbi wenyewe haukuwa gofu. Aliubuni. Naye Vilhelm Hammershøi wa Denmark alichora vyumba vitupu vya Strandgade 30, Copenhagen, huku akiishi humohumo na mkewe, kati ya 1898 na 1909. Hakufilisika, utupu aliupenda.

Dhana: Plasta imebambuka, kwa hiyo mwenye nyumba aliishiwa.
Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa wachoraji wetu wanaipenda mno plasta iliyobambuka. Nyumba nyingi za kale za pwani, Tanga zikiwemo, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga saruji, unyevu na chumvi vinanaswa ndani. Masika kadhaa yakipita, plasta inafura na kudondoka mapande. Huenda basi ukuta unaoulilia uliharibiwa na mtu aliyekuwa na hela ya kuukarabati. Mimi hutazama vilivyong'olewa: swichi, nyaya, masinki, vitasa, fremu za madirisha. Dari lililopasuliwa ili nyaya zivutwe zikauzwe chakavu linaeleza shida kuliko ukungu wa ukuta mzima. Mchoraji anayeziba matundu ya skrubu ili picha ipendeze amefuta habari yenyewe.

Dhana: Tanga iliangushwa na utaifishaji, na magofu yake ndiyo yanayosema hivyo.
Magofu hayana tarehe. Mkonge wa Tanganyika, zao lililoibeba Tanga, ulifika kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000, kisha bei ikaanza kuporomoka, kamba za sintetiki zikiingia sokoni. Utaifishaji wa mashamba ulikuja 1967, baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenyewe wengi wenye asili ya Asia wakahama. Ofisi ya mkonge iliyofungwa na ghorofa lililoachwa na mwenyewe huweza kufanana kwenye turubai kama mapacha, sababu zikiwa mbali. Ndiyo maana mchoraji aandike nyuma ya kazi yake: mtaa, mwaka, jengo lilikuwa la nini. Bila hivyo amechora majonzi tu.

Dhana: Picha ya simu inatosha.
Kwenye chumba chenye giza simu mara nyingi hulifanya dirisha kuwa weupe mtupu au huzimeza pembe gizani. Brashi inaweza kukupa vyote viwili.

Dhana: Picha hizi za magofu zinauchafulia mji jina.
Hapana, zinautunzia kumbukumbu. Stesheni ya treni ya Michigan Central, Detroit, Marekani, ilifungwa 1988 na kufunguliwa tena 2024 baada ya kampuni ya magari ya Ford kuikarabati. Aliyekaa akaichora ndani katika miaka hiyo anayo kumbukumbu ya kuta ambazo fundi ameshazifunika.