Je, wajua kwa nini kontena la msosi haliyeyuki ukimimina mchuzi wa moto?

Chukua lile kontena la plastiki unalobebea wali kazini, lipindue uangalie kitakoni. Mara nyingi utakuta kapembetatu ka mishale mitatu, ndani namba 5, na herufi PP, yaani polipropilini. Mimina humo mchuzi unaochemka, lenyewe limetulia tu. Alafu chukua ile mifuko laini tuliyozoea kuiita ya nailoni kabla haijapigwa marufuku, ambayo kiukweli ni polithini, mimina mchuzi uleule, inalegea mpaka unaogopa kuinyanyua. Zote ni plastiki, zote zimetokana na mafuta ya petroli au gesi, sasa kwa nini moja inavumilia na nyingine inakata tamaa?

Ni suala la mpangilio wa ndani, na aliyeugundua mpangilio huo ni Mtaliano anaitwa Giulio Natta, ambaye mpaka leo ndo Mtaliano pekee kupata Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Natta kazaliwa tarehe 26 Februari 1903 Porto Maurizio, mji wa pwani ambao siku hizi uko ndani ya Imperia. Uhandisi wa kemia kaumaliza pale Politecnico ya Milano mwaka 1924, ana miaka 21 tu. Kilichomkamata mapema ni eksirei, na sio hizi za kuangalia mfupa uliovunjika, yeye alikuwa anapiga miale kwenye fuwele, yaani vitu kama chumvi ambavyo atomu zake zimejipanga kwa nidhamu, miale inatawanyika kwa namna fulani na ukiisoma vizuri unajua kila atomu imekaa wapi. Shikilia hilo, tutalirudia.

Mwaka 1932 akaenda Freiburg, Ujerumani, akakutana na Hermann Staudinger, mzee aliyekuwa ameshabishana sana na wenzake akisema mpira na vitu kama plastiki ni molekuli ndefu mno zilizoungana kama mnyororo. Natta akaondoka na hilo wazo kichwani. Akafundisha Pavia, Roma, Torino, mwaka 1938 akarudi Milano kuongoza idara. Na hapo tusiruke, kile kiti kilikuwa cha Mario Giacomo Levi, profesa Myahudi aliyeondolewa na sheria za kibaguzi za utawala wa Mussolini. Natta hakuzitunga hizo sheria, ila nafasi aliipata hivo.

Sasa tuje kwenye plastiki yenyewe. Polithini ilikuwepo tayari, ila kuitengeneza ilikuwa balaa, gesi ya etilini ilibidi ibanwe kwa presha ya zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya kawaida. Mwaka 1952 Natta yuko Frankfurt anamsikiliza Mjerumani Karl Ziegler akieleza mambo yake ya aluminiamu, akaona huyu jamaa ana kitu, akaishawishi Montecatini, kampuni ya kemikali ya Italia, iingie naye mkataba, na vijana wa Natta wakapelekwa Mülheim kwenye maabara ya Ziegler kujifunza. Mwaka uliofuata Ziegler akalipata, akichanganya kampaundi ya aluminiamu na ya titani anapata kichocheo kinachounganisha etilini bila ile presha ya kutisha.

Natta akajiuliza, je kwa propilini? Hii ni gesi ndugu na etilini, ilikuwa inapatikana kwa bei chee kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na haikuwa na kazi kubwa, na waliojaribu kuiunganisha wengi waliambulia uteute unaonata. Tarehe 11 Machi 1954 maabara yake ikajaribu kwa kichocheo cha Ziegler. Kwenye kidaftari chake cha mfukoni Natta akaandika kwamba polipropilini imetengenezwa, basi, maneno machache kama mtu anayeandika kanunua mkate. Walichopata mwanzoni bado kilikuwa kinanata nata, lakini walipokiosha kwa vimiminika vya kuyeyushia, ule uteute ukaondoka ukabaki unga mweupe unaogoma kuyeyuka. Unga huo ukapigwa eksirei. Kumbe ni fuwele!

Hapa ndo ile elimu ya ujanani ilipolipa, maana mwingine angeona unga tu. Fikiria mnyororo wa propilini kama kijiti kirefu chenye vitawi vifupi kila baada ya hatua. Kama vitawi vimeota ovyo, kimoja kulia kingine kushoto, ukifunga mzigo wa kuni kama hizo unabaki na mapengo kibao, mzigo unacheza. Ila kama vitawi vyote vimeelekea upande mmoja, vijiti vinalaliana, unafunga mzigo umekaza kama jiwe. Minyororo iliyobanana hivo inahitaji joto la nyuzi 160 hivi ndo iachiane, wakati maji yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo mchuzi wako hauna ubavu wa kuifungua. Minyororo ya mfuko laini ina matawi yasiyo na mpango, haibanani hivo, inaanza kulegea mapema.

Mpangilio huo ulihitaji jina, na Natta hakulitunga yeye. Lilitungwa na mkewe, Rosita Beati, aliyesomea fasihi, akaokota maneno mawili ya Kigiriki, isos yaani sawa na taxis yaani mpangilio, ikawa isotaktiki. Wanakemia dunia nzima wanalitumia mpaka kesho.

Ziegler hakufurahi. Yeye alipokuja kuipata polipropilini miezi michache baadaye akakuta Natta ameshaiombea haki ya uvumbuzi, na urafiki ukaingia mchanga. Mwaka 1963 wakapewa Nobeli kwa pamoja hivohivo. Natta wakati huo Parkinson imeshamwandama miaka kadhaa, hotuba yake Stockholm ilibidi mwanawe na wenzake wamsaidie. Alifariki Bergamo tarehe 2 Mei 1979.

Kiwanda cha Montecatini kule Ferrara, Italia, kilikuwa kimeanza kutoa polipropilini tangu 1957 kwa jina la Moplen, na Waitaliano wakaijua kupitia matangazo ya tivii ya mchekeshaji Gino Bramieri, anatokea na beseni au ndoo anaisifia. Kwetu sisi imeingia zaidi kwa kiroba, wengine wanaita salfeti. Chomoa uzi mmoja wa kiroba uuangalie, sio uzi, ni kautepe bapa, kamevutwa kiwandani mpaka minyororo yote ikalala kwa urefu, ndo maana ukijaribu kukakata kwa mikono kanaweza kukuchana kidole kabla hakajakatika. Adui yake ni jua, acha kiroba juu ya bati miezi kadhaa, ukija kukishika kinapukutika mkononi.

Na kuna sehemu ya hadithi hii ambayo watu wa Tanga waliilipia. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya ile Nobeli, mkonge wa Tanganyika ulifika kileleni, zaidi ya tani 200,000, na soko lake kubwa lilikuwa kamba za kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Alafu ikaja kamba ya polipropilini, rahisi, haiozi kwa unyevu. Bei ya katani ikaporomoka, ikachangia na mambo mengine, mashamba yakaanza kumezwa na vichaka. Siku hizi ukipita barabara ya kwenda Tanga utaona mkaa umepangwa pembeni unasubiri wateja, umejazwa kwenye viroba.