Mafuta ya nazi, pumu ya ngozi na kopo lisilo na maandishi

Mzazi anayeniletea mtoto mwenye pumu ya ngozi huwa ameshajaribu mengi: mwarobaini uliochemshwa, shubiri, manjano, mafuta ya nazi, limau, na krimu aliyouziwa sokoni ikiitwa dawa ya asili. Simlaumu hata kidogo. Mtoto anayejikuna usiku hukesha na nyumba nzima. Lakini vitu hivyo havilingani. Kimoja kinasaidia kweli, vingine vinaiudhi ngozi, na kimoja kinaweza kumletea mtoto madhara makubwa.

Ngozi ya mtoto huyu haitunzi maji. Unyevu unavuja kama maji kwenye mtungi wenye ufa, na kupitia nyufa hizohizo huingia sabuni, vumbi na vijidudu, hasa stafilokoki. Mwili unajibu kwa uvimbe na muwasho, mtoto anajikuna, ngozi inazidi kuchanika. Vitabu vingi huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwa watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tazama viwiko kwa ndani na nyuma ya magoti. Utaona rangi ya kijivu au ya zambarau, vipele vidogovidogo vinavyokwaruza kiganja, na tatizo likikaa sana ngozi inakuwa nene, mistari yake ikijitokeza.

Mafuta ya nazi nayatetea bila kusita. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo inapunguza stafilokoki. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia kwa wiki 8 watoto wenye ugonjwa wa kiasi, na waliopakwa mafuta ghafi ya nazi walipata nafuu kuliko waliopakwa mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli. Ukitengeneza nyumbani, kuna nazi kwenye mbuzi, kamua tui, lichemshe kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge, kisha epua kabla makapi hayajaungua. Chuja vizuri, maji yasibaki, maana mafuta yaliyochacha yanawasha. Usitie manukato wala karafuu.

Mafuta ya zeituni yanaheshimika sana pwani, ila kwa ngozi hii nayakataza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi hata kwa watu wazima wasio na ugonjwa. Limau liache kabisa: likikutana na jua linaunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi. Kitunguu saumu pia kinaunguza.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, bila dodoki na bila sabuni ya mche. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) karibu 5, ilhali sabuni hizo hufika 9 au 10. Mkaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue, kisha mpake mafuta mwili mzima kabla ngozi haijakauka. Rudia asubuhi na jioni, hata siku ambazo hana upele. Msimu wa baridi na upepo mkavu, ongeza juu yake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Wengi hupaka kidogo mno, halafu wanasema mafuta hayafanyi kazi.

Hata hivyo, ugonjwa ukishapamba moto, nazi peke yake haiuzimi. Hapo ninaandika haidrokotisoni, krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) isiyo kali, au steroidi yenye nguvu zaidi kidogo, kwa siku chache na mahali palipoathirika tu. Wazazi wengi wanaiogopa. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi mzazi huyohuyo anampaka mtoto krimu ya kopo lisilo na maandishi, akiamini ni majani matupu.

Krimu ya asili inayosafisha ngozi iliyochafuka vibaya kwa siku tatu naitilia shaka. Mwaka 2003, madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kupima krimu 24 za mitishamba zilizokuwa zikitumiwa na watoto wenye ugonjwa huu: 20 zilikuwa na steroidi, nyingi zikiwa na klobetasoli, iliyo katika kundi lenye nguvu kuliko zote na inayokadiriwa kuizidi haidrokotisoni mara 600. Mzazi anaipaka usoni na kwenye mapaja, mwezi baada ya mwezi. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, uso unavimba, na mtoto anaweza kuchelewa kukua.

Ukiona dalili hizo, usiitupe krimu ghafla ukanyamaza. Dawa hiyo ikiingia mwilini kwa muda mrefu, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha ghafla kunaweza kumlegeza mtoto na kumtapisha. Njoo hospitali umpunguzie kwa mpango. Njoo siku hiyohiyo pia ukiona malengelenge yanayouma au vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, pamoja na homa, kwa sababu hiyo huwa ni hepesi, maambukizi ya virusi, iliyosambaa kwenye ngozi, na haingoji kesho.

Na uje na kopo lenyewe, hata kama limekwisha. Sitakugombeza, nahitaji kujua mtoto amepakwa nini na kwa muda gani, ili nijue pa kuanzia.